Makuti Yetu Hayashiki Moto

Mimi husoma polepole. Shule niliiacha darasa la tatu, na yaliyobaki niliyapata ukubwani, kwenye ngumbaru, tukikalishwa kwenye madawati ya watoto huku magoti yakitugonga videvu. Mpaka leo nikishika maandishi nayafuata kwa kidole, neno kwa neno, na midomo inacheza. Wenye haraka hunicheka. Lakini asomaye hivyo haruki kitu, na ndiyo maana katika wanawake wote wa kikundi chetu ni mimi peke yangu niliyeushtukia ule mstari.

Kikundi chetu kiko Sabaki, ng'ambo ya daraja ukitoka Malindi. Tunashona makuti ya kuezekea. Wateja wetu ni wenye mikahawa ya ufuoni, wenye nyumba za wageni, na siku hizi watu wa Nairobi wanaokuja kujenga vibanda vya kupumzikia. Mwenyekiti wetu alikwenda semina Kilifi, akarudi na habari kwamba kikundi kisicho na tovuti ni sawa na duka lisilo na mlango. Basi akaitwa binti wa jirani yangu, aliyekuwa amemaliza kozi ya kompyuta mjini na amekaa nyumbani tu, akaambiwa atutengenezee. Alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili. Hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kile alichosomea.

Alihangaika nayo wiki kadhaa. Siku alipotuonyesha, tulikuwa bandani tunashona, simu ikapita mkono kwa mkono. Juu kabisa jina la kikundi lilikuwa linakimbia kutoka kulia kwenda kushoto, linapotea, linarudi.

"Mbona maandishi yanakimbia?" mmoja akauliza. "Yamemuona askari?"

Banda zima likacheka. Mwingine alisema mashallah, nzuri sana, akampa jirani yake simu bila kuitazama. Mwenyekiti alisema ameridhika. Yule binti alitabasamu kwa midomo tu, macho yamemtoka, na simu ilipomrudia aliifuta alama za vidole vyetu kwa pindo la leso, akaaga.

Kesho yake alikuja kwangu asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa. Usikalie fito hizo."

"Shangazi, nataka uniambie ukweli kuhusu ile websaiti. Waliocheka wamecheka, na waliosifu hawakuangalia. Wewe watu wanasema hubembelezi mtu."

"Watu wanasema nina ulimi wa wembe. Hilo ndilo wanalosema."

"Ndiyo," akasema, akacheka kidogo. "Hilo."

Akanifungulia. Kabla sijaona chochote, kwaya ikalipuka kwenye ile simu, mpaka kuku wangu aliyekuwa mlangoni akaruka.

"Zima!"

"Haizimwi shangazi, inaanza yenyewe. Nimeiweka ipendeze."

"Na mtu akiifungua kazini kwake? Akiifungua matangani?"

Nikaanza kusoma. Kwanza kulikuwa na picha ya mheshimiwa, amevaa tai. Chini yake picha ya chifu. Chini yake mchungaji, kisha imamu, wamepewa ukubwa sawa ili pasiwe na maneno. Kisha mwenyekiti wetu, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama bi harusi. Kila mmoja ameshukuriwa kwa aya nzima.

"Hawa wanashona makuti?"

"Hapana shangazi. Lakini itifaki…"

Hapo nilimwelewa, ingawa sikumwambia. Kwetu huku huwezi kusimama mbele ya watu ukaanza na la maana. Utaanza na waliokaa meza kuu, umtambue huyu na yule, na ukimsahau mmoja utasikia habari zako mpaka mvua ijayo. Mtoto alikuwa amejenga tovuti kama mtu anayefungua mkutano. Angefanyaje, wakati sisi sote ndivyo tulivyomlea?

"Makuti yako wapi?"

"Endelea kushuka."

Nikashuka mpaka kidole gumba kikaniuma. Nikapita picha ya ufuo usio wa kwetu, mchanga wake mweupe mno na minazi imeinama kistaarabu. Nikafika mahali palipoandikwa tulipo: ukivuka daraja la Sabaki, uliza mtu yeyote kwa mama wa makuti, utaletwa.

"Mtu aliyeko Nairobi atamuuliza nani?"

"Atauliza bodaboda, shangazi."

"Akiwa Nairobi?"

Akajikuna shingo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaza uso nisicheke, maana mimi nilipofika Sabaki mara ya kwanza, miaka ile, ndivyo nilivyofika: niliuliza. Nambari ya simu ilikuwa chini kabisa, kwa rangi ya manjano juu ya nyeupe. Nilidhani ni doa la chai.

Kisha nikaufikia ule mstari. Ulikuwa peke yake, kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chenye maua. Nikauwekea kidole. Makuti. Yetu. Yamepakwa. Dawa. Hayashiki. Moto.

Nikaurudia. Nilitaka kuhakikisha kwamba ni ngumbaru yangu iliyonidanganya. Haikunidanganya.

"Nani ameandika hivi?"

"Ni mimi. Nimeutoa kwenye tovuti ya mtu wa nje anayeuza mapaa. Yeye kaandika kwa Kiingereza, mimi nikaugeuza. Mwenyekiti ameupenda sana, amesema usitoke."

"Sisi tuna dawa gani ya kupaka?"

"Sijui shangazi. Nilidhani ipo."

Nilimrudishia simu. Sasa nitaandika nilichomwambia, kwa sababu nimejiapiza kuandika ya wengine na yangu pia. Nilimwambia: "Wewe umeua mtu." Sikupaza sauti. Nilimwambia vile unavyomwambia mtu kwamba chumvi imezidi. Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi, akainuka, akaondoka bila kuaga, na leso yake ikabaki mkekani kwangu.

Nilifanya kazi ya udobi katika hoteli moja Malindi, kabla ya haya yote. Majina ya watu wa pale ninayo, na Mungu pia anayo. Hapa nitawataja kwa kazi zao, na kila mmoja atajijua.

Wa kwanza ni mwenye hoteli. Aliamua kwamba wageni wanapenda kuona nyama ikichomwa, akaweka jiko la mkaa katikati ya ukumbi wa kulia, chini ya paa la makuti. Wapishi walimwambia. Akawajibu kwamba yeye hakuajiri wapishi wamfundishe ujenzi.

Wa pili ni mkandarasi. Huyo alikuja na pampu mgongoni kama ya kupulizia viwavi, akanyunyiza maji fulani kwenye paa mara moja, akaondoka. Aliacha karatasi yenye muhuri. Karatasi ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa mapokezi, na wageni walikuwa wanaipiga picha. Ilikuwa imeandikwa kwamba paa hili limetiwa dawa, halishiki moto. Mvua mbili zikanyesha. Hakuna aliyepanda tena kupulizia.

Wa tatu ni meneja, na kwake moyo wangu haujalainika. Siku ile mchana tulisikia harufu, mimi na mwenzangu, tukatoka kwenye chumba cha kupigia pasi. Moshi ulikuwa mwembamba tu, unachungulia juu ya ukumbi. Meneja alitukuta kwenye ushoroba, akanyoosha mkono. "Rudini kazini. Paa lile haliungui. Karatasi si mnaiona pale?"

Tukarudi. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alijue. Hatukufungiwa na moto, tulirudishwa na mstari mmoja wa maneno. Niliwasha pasi tena. Nilimaliza foronya mbili, nazikumbuka, zilikuwa na mshono wa bluu. Tulipotoka mara ya pili, ushoroba ulikuwa umeshafunikwa na makuti yanayoanguka yakiwaka, na geti la nyuma lilikuwa na kufuli kwa nje, kwa sababu meneja aliogopa tutatoka na sabuni. Juu ya karo la kufulia kulikuwa na dirisha dogo. Mwenzangu alinisukuma mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa mwembamba. Nilimshika mkono kutoka nje nikamvuta. Nilimvuta mpaka mkono wangu mimi ukaanza kuungua, na sikuweza.

Kisha mwenye hoteli aliwaambia waliokuja kuuliza kwamba moto ulianzia kwenye pasi ya dobi.

Mnaona, basi. Mimi sipendi maneno matupu kwenye ubao.

Lakini nilipokaa na ile leso ya yule binti, nikiikunja na kuikunjua, nilijiuliza: katika hao watatu, huyu ni yupi? Hakujenga jiko, hakuuza karatasi, hakufunga geti. Alikuwa amenakili maneno mazuri ya mtu mwingine kwa sababu alitaka kazi yetu ipendeze. Nilikuwa nimempa mzigo wa watu wanaokula na kulala vizuri mpaka leo, kwa sababu tu yeye alikuwa karibu, na wao hawakuwa karibu.

Nikamkumbuka mama mkwe wangu, aliyenifundisha kushona nilipotoka hospitali na hakuna hoteli iliyotaka kuuona mkono wangu. Kushona kuti kuna adabu yake. Mwanafunzi akimaliza, mwalimu hasemi baya wala zuri. Analichukua kuti lile, anaenda nalo uani, analiinua juu juani, na wote wawili wanasimama chini yake. Penye tundu, mwanga unaingia. Mwanafunzi anaona mwenyewe, wala hana wa kumkasirikia, kwani jua si mtu. Kisha anafumua kuanzia tundu lilipo, na kule nyuma palipokaa sawa hapaguswi. Mama mkwe wangu alikuwa mkali kuliko mimi, lakini sikumbuki hata siku moja alipochana kuti langu lote.

Kesho yake nikajitanda, nikaenda na leso yake.

"Hodi."

Mama yake ndiye aliyetokea. "Karibu," akasema, na hakuongeza la kaa wala la pita. Nilistahili. Binti alikuwa uani anafua. Aliponiona aliinamisha kichwa kwenye beseni.

"Shikamoo," akayaambia maji, si mimi.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

Mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele, akaacha ungo. Mtu wa umri wangu haombi radhi kwa wa umri ule. Hata mimi ulimi ulikuwa mzito.

"Nimeshaamua kuifuta yote, shangazi. Hukukosea. Mimi sijui kitu."

"Jana nilisema na watu wengine, wewe ukawa umesimama njiani. Hebu keti nikuambie ni nani."

Nikawaambia, yeye na mama yake, kama nilivyoandika hapo juu. Tumekuwa majirani miaka mingi, na walikuwa wakidhani kovu la mkono wangu ni la mafuta ya maandazi. Mama mtu akalia kimya kimya. Binti hakulia. Aliukausha mkono wake, akaushika wangu pale ngozi ilipojikunja, akauliza swali ambalo hakuna mtu amewahi kuniuliza.

"Alikuwa akiitwa nani, huyo mwenzako?"

Nikamtajia. Hapa silitaji, ni lake na watoto wake.

Kisha nikamwambia alete simu. "Tuiinue juani," nikasema, na kwa kuwa bibi yake alikuwa mshonaji pia, hakuuliza maana yake.

Tulikaa pale mpaka jua likahama. Nilianza na kilichosimama. Kulikuwa na picha moja, mbali kule chini, ya mikono ya wanawake ikipitisha uzi wa miyaa kwenye fito. Nyuso hazionekani, mikono tu, na mmoja una pete ya shaba.

"Hii umeipiga wewe?"

"Ndiyo, lakini haikutoka vizuri. Nyuso zimekatika."

"Hii ndiyo iwe ya kwanza. Mnunuzi hataki sura ya chifu, anataka kuona uzi umepita karibu karibu. Hebu tazama, hata mimi ningenunua."

"Na mheshimiwa?"

"Mshushe chini. Hataiangalia, na akiiangalia atajitafuta mpaka ajipate."

Mama yake akacheka kwa mara ya kwanza. Tukaendelea. Nilimwuliza zaidi kuliko nilivyomwambia. Niliona swali linamuumiza kidogo kuliko hukumu. Mtu wa Nairobi akitaka kupiga simu, atapata nambari kabla bando halijaisha? Akitaka kujua kuti letu lina urefu gani, ameandikiwa wapi? Wimbo huu, unamwimbia mnunuzi au unajiimbia wewe? Hilo la wimbo lilimgusa. "Niliogopa pakiwa kimya kutaonekana hakuna mtu," akasema. Nikakaa nalo. Mimi pia nimewahi kupiga kelele kwa sababu hiyo.

Maandishi yanayokimbia alikataa kuyaondoa. Alisema yalimchukua siku tatu. Nikamwachia.

Ule mstari tuliuacha mwisho, na hatukuufuta. Hatukuwa na haki. Mwenyekiti alikuwa ameagiza usitoke, na tovuti ni ya kikundi, kwa hiyo siku ya kikao tuliupeleka bandani.

Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, na nisingependa asomwe vibaya. Ni mjane aliyesomesha watoto kwa makuti. Alitusikiliza, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili.

"Dada, wenzetu wote wameandika haya. Wa Mambrui wameandika, wa Watamu wameandika. Sisi tukiandika kwamba yetu yanaungua, nani atanunua? Wallahi tutakuwa kama muuza samaki anayetangaza miba."

"Samaki si ana miba?"

"Anayo! Lakini kila mtu anajua!"

"Na makuti kila mtu anajua," nikasema. "Mimi nilijua. Nimezaliwa chini ya makuti, nimeona nyumba za watu zikiteketea kwa kibatari. Nilipoambiwa kuna karatasi, nikaacha kujua."

Wengi bandani walikuwa hawaijui habari ya ile hoteli, nikawasimulia kwa kifupi, bila kukunja mkono wa gauni. Nilipofika kwenye foronya, yule aliyekuwa amecheka habari ya askari aliweka kuti lake chini.

Mwenyekiti akalishika kuti lake tena. "Haya," akasema. "Andikeni mnavyotaka. Lakini msiwaogopeshe watu."

Kuandika kwenyewe kulitugombanisha tena. Mimi nilitaka itajwe kila kitu, na meneja pia. Binti akasema, kwa upole lakini bila kunitazama, "Shangazi, hii ni tovuti ya makuti. Meneja wako hatanunua." Nami nikauona mwanga ukiingia upande wangu. Tukakubaliana. Aliandika kwamba makuti yetu ni makavu na yamebana, yanazuia mvua na joto, na kama makuti yote, yanashika moto. Jiko lisikae chini yake, na kila nyumba iwe na milango miwili inayofunguka kutoka ndani. Akanisomea. Nikamwambia anipe simu nijisomee, nikafuata kwa kidole mpaka nukta.

Simu ya kwanza iliingia siku nyingi baadaye, mchana, tukiwa kazini. Mwenyekiti akaiweka sauti ya juu tusikie sote. Alikuwa mwanamume anayejenga mkahawa upande wa Mayungu.

"Nimeona tovuti yenu," akasema. "Kwani nyinyi mnauza makuti au mnafukuza wateja?" Akacheka. Mwenyekiti akanikata jicho kali. "Sasa hebu niambieni. Hilo jiko, liwe mbali kiasi gani?"

Mwenyekiti akaninyooshea simu.

"Lisiwe chini ya paa moja nalo, baba," nikasema. "Lisimame peke yake, na upepo usitoke jikoni kwenda ukumbini."

"Mimi nimeshaliweka katikati," akasema, na sauti haikuwa na kicheko tena. "Fundi ameshajenga bomba la moshi. Ameniambia kuna dawa ya kupaka."

"Mwulize huyo fundi dawa hiyo inakaa mvua ngapi. Akikujibu, mwulize kama atalala yeye humo."

"Nitawapigia," akasema, akakata.

"Amekwenda huyo," mwenyekiti akasema. "Paa zima la mkahawa. Limekwenda." Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifumbata kifuani, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani wa mwingine.

Yule wa Mayungu alipiga baada ya siku nne. Alitaka makuti, lakini si ya paa zima kama alivyokusudia mwanzo, ya ukumbi peke yake. Jiko amelihamisha nyuma, na huko ameezeka mabati.

Mwenyekiti alinuna siku nzima kwa ajili ya yale mabati. Mimi nilivuta fungu langu la miyaa, nikaanza kushona.